Milisekunde Nane

Free Area, Nakuru
14 Januari 2025

Chamgei, salamu zangu, Mwalimu Kibii,

Nimekupigia simu mara sita tangu Krismasi. Inaita weee, inanyamaza, halafu jioni naletewa ujumbe wa maneno matatu: "Niandikie. Network mbaya." Haya basi, nimekuandikia, tena kwa kalamu, kama ulivyotulazimisha pale chuoni. Ulisema mtu asiyeweza kuandika code kwenye karatasi hajui anachoandika kwenye kompyuta. Barua nampa Kipruto, dereva wa canter ya viazi, ataiacha duka la dawa za mifugo hapo Mau Narok.

Nina habari, na nina kiburi kidogo, uniwie radhi. Unaikumbuka ile programu uliyowaandikia kituo cha mionzi bila malipo, ya kupanga wagonjwa wa saratani wanaosubiri mashine? Kampuni yetu ndiyo inayoitunza sasa. Bado inafanya kazi ile ile. Kila Jumatatu asubuhi karani anabonyeza, programu inaweka wagonjwa wa haraka mbele na wa kawaida nyuma, na kumi na wawili wa juu ndio wanaoanza matibabu wiki hiyo. Bosi wangu Zayed aliniambia kompyuta ya pale inakokota, niangalie ndani. Nikafungua nikakutana na kazi yako ya lugha ya C. Mwalimu! Ulikuwa unatengeneza orodha ya pili kwenye memori, unanakili rekodi za watu wa haraka wote, unarudi mwanzo unanakili wa kawaida wote, kisha unarudisha kila kitu kilikotoka. Safari tatu kwa kazi ya safari moja.

Yangu haina orodha ya pili. Ina vidole viwili tu. Kimoja kinaanza mbele kikitafuta mtu wa kawaida, kingine kinaanza nyuma kikitafuta mtu wa haraka. Vikiwapata, wale wawili wanabadilishana nafasi, na vidole vinaendelea mpaka vikutane. Nilikaa wiki mbili nikisoma maagizo ya mashine mstari kwa mstari, nikaondoa hata yale maswali ya "if" ya katikati ili processor isisimame kukisia jibu. Yako ilichukua milisekunde tisa. Yangu inachukua moja. Ilianza kazi Jumatatu ya tarehe 6. Zayed alinisimamisha mbele ya ofisi nzima nikapigiwa makofi, na sasa anataka kuiuza kwa vituo vingine. Mkataba wangu unaisha Machi, kwa hiyo hii ndiyo itakayonibakiza kazini.

Nimeambatisha kurasa mbili. Zisome, halafu unisifu.

Mwanafunzi wako,
Chelangat


Mau Narok
22 Januari 2025

Chelangat,

Barua imefika, na kurasa zako mbili ziko mezani zimekandamizwa na kopo la mbegu zisipeperuke. Makofi unastahili. Sikuwahi kuwa na mwanafunzi mwingine aliyefikiri kuwa maagizo ya mashine ni kitu cha kusoma kwa raha.

Sasa hebu nikuchokoze. Umeokoa milisekunde nane kwa watu wanaosubiri miezi minne. Wakisikia hivyo watafurahi kweli. Halafu ile kompyuta inakokota kwa sababu ya printa. Ilikokota hata wakati wangu, na hakuna C itakayoiponya printa ile.

Nitaisoma polepole, kwa kidole, kama kawaida yangu. Simu usijali. Baridi ya huku juu imenikaba koo, nikiongea natoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Viazi vimekuja vizuri. Mke wangu, Mama Jebet, anakusalimu, anauliza utaolewa lini, nami nimemwambia aandike barua yake mwenyewe.

Mwalimu wako,
Kibii


Mau Narok
3 Februari 2025

Mwanangu Jebet,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii tena, na kuna jambo sitaki mama yako alisikie.

Leo nilikuwa Nakuru, kwenye kituo. Jina langu halikuwa kati ya wale kumi na wawili. Hii ni Jumatatu ya tano tangu mwaka uanze. Unakumbuka Desemba karani alivyotuambia, "Mzee, Januari wewe ndiye unayefuata." Nikashangilia mpaka ukanicheka. Tangu hapo niko mkiani. Yule mama ninayekaa naye kwenye benchi, Wariara, alisajiliwa wiki moja baada yangu, naye hajaitwa. Lakini kuna kijana aliyesajiliwa Desemba, wa kawaida kama sisi, ameshaanza.

Nilidhani ni bahati mbaya tu. Leo nimerudi, nimekaa na zile kurasa za Chelangat. Nilichukua viazi nikavipanga mezani kwa mpangilio wa kusajiliwa, vikubwa ndio wagonjwa wa haraka, vidogo ndio wa kawaida. Nikafanya kwa mkono kile ambacho code yake inafanya. Kiazi kidogo cha kwanza kikaenda nyuma. Nikarudia. Kikaenda nyuma tena. Faili limepangwa kwa tarehe, kwa hiyo kidole cha mbele kinaanza kumkuta aliyesubiri kuliko wote, kinampeleka mahali pa mgonjwa wa haraka aliyeingia juzi. Aliyesubiri zaidi ndiye anayetupwa mbali zaidi. Na wa juu kabisa kwenye faili ni mimi.

Nitamwandikia Chelangat airekebishe. Ila sitamwambia kwamba mimi ni mgonjwa, na wewe nakuomba usimwambie. Niahidi. Akijua, ataingia kwenye faili siku hiyo hiyo anipandishe. Wakati naandika ile programu alikuja mtu mkubwa akiniomba nimuweke shemeji yake juu, nikamfukuza mlangoni. Siwezi leo kuwa mtu wa kwanza kuruka foleni niliyoichora kwa mkono wangu. Chelangat airekebishe kwa sababu ni mbovu, si kwa sababu inanigusa mimi.

Chakula sasa ni uji na maziwa ya mursik. Bado vinapita. Usilie.

Baba yako


Mau Narok
5 Februari 2025

Chelangat,

Nimemaliza kuisoma. Ni code safi, na ningekuwa bado nasahihisha ningekupa alama zote za mwendo. Lakini ina kosa, nami nakuomba uiondoe kabla ya Jumatatu ijayo.

Wewe umehesabu kwamba watu wote wa kawaida wako sawa. Kwa daktari, ndiyo. Kwenye benchi, hapana. Mmoja alikuja Oktoba, mwingine alikuja wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nanakili mmoja mmoja kuanzia juu, ndiyo sababu aliyetangulia alibaki ametangulia. Zile safari tatu ulizozicheka ndizo zilizokuwa zinalinda zamu. Vidole vyako vinamchukua aliye mbele kabisa na kumbadilisha na aliye nyuma kabisa, na kwa kuwa wa haraka wapya wanaingia kila wiki, vinafanya hivyo kila wiki. Naona kuna watu pale ambao hawataitwa kamwe.

Rudisha ile yangu kwa sasa, polepole hivyo hivyo. Nyingine utaandika baadaye, ya mbio na yenye haki, najua unaweza.

Kibii


Kericho
8 Februari 2025

Baba,

Nimeahidi kwa sababu umeniomba. Nimekasirika pia, na hilo hukuniomba nisifanye.

Wewe huombi kurushwa mbele ya watu. Unaomba kurudishwa ulipokuwa umesimama. Darasani kwangu mtoto wa darasa la nne anaijua tofauti hiyo. Mwambie Chelangat ni wewe. Mwambie leo. Kama aibu yako ni kubwa kuliko koo lako, basi fikiria mama, anayesaga kila kitu na kukichuja mara mbili na kusema umepungua kwa sababu ya jembe.

Nitakuja likizo ya Aprili.

Jebet wako


Free Area
20 Februari 2025

Mwalimu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliniumiza na sikutaka kujibu nikiwa nimeumia.

Nimeijaribu ile code mara elfu kumi. Kituo walinipa faili lisilo na majina, kwa ajili ya siri ya wagonjwa, ni namba tu: moja kwa mtu wa haraka, mbili kwa wa kawaida. Kila mara moja zote zilitangulia na mbili zote zikafuata. Hakuna hata jaribio moja lililoanguka. Maagizo ya kazi yanasema wa haraka kwanza, hayasemi lolote kuhusu tarehe. Nimemuuliza hata karani kama kuna mtu amelalamika, akasema hakuna. Mtu anayeumia si angesema?

Naomba nikuambie jambo kama mtoto anavyomwambia mzazi wake. Nadhani kinachokuuma ni kwamba kazi yako imetolewa na yangu ikawekwa. Ingekuwa mimi ningeumia pia. Lakini Zayed anatia saini na vituo viwili mwezi ujao kwa sababu ya code hii. Nikiingia ofisini kwake sasa na kusema turudi kwenye ile ya zamani kwa sababu mwalimu wangu ameota kosa ambalo majaribio elfu kumi hayakuliona, mkataba wangu umekwisha siku hiyo.

Usinichukie. Nakuheshimu vile vile.

Chelangat


Mau Narok
4 Machi 2025

Chelangat,

Uniwie radhi kwa mwandiko, mkono unachoka upesi siku hizi.

Hujakosea kila kitu. Ni kweli niliipenda ile code, na ni kweli iliniuma kidogo ulipoiita safari tatu. Tumalize hilo, tuliweke kando.

Mbili na mbili zikibadilishana nafasi, hakuna jicho litakaloona. Ndiyo maana majaribio yako yote yalipita. Unajaribu kwa namba na kosa liko kwenye majina. Omba ruhusa kituoni uone faili lenye majina na tarehe, la wiki yoyote, kisha weka orodha inayotoka kando yake. Dakika kumi zinatosha.

Nilikuwa nawasimamisha uwanjani kwa mstari, kila mmoja na kadi yake, ili mjionee namba zinavyohama. Siku moja nilibadilisha wenye kadi sawa makusudi, kuona kama kuna atakayegundua. Wewe ndiye uliyepiga kelele. Ulisema, "Mwalimu, mbona mimi napelekwa nyuma na sijafanya kitu?" Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na nilienda nyumbani nikimsifu binti huyo kwa mke wangu mpaka uji ukapoa. Nenda ukaulize swali lile lile, safari hii kwa niaba ya wengine.

Kuhusu kulalamika, watu wa pale hawalalamiki sana. Wameambiwa wasubiri, wanasubiri.

Kibii


Kisumu
18 Machi 2025

Mwalimu,

Barua yako imenikuta ofisini nikiwa mguu nje. Niko njiani na Zayed kuonyesha programu, tulianzia Kericho, sasa Kisumu, halafu Kakamega. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja! Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia nje ya ofisi.

Ruhusa ya majina nimeiomba kama ulivyosema. Karani anataka nifike kituoni mwenyewe, hatatuma faili kwa simu. Nitaenda nikirudi, nakuahidi. Ni wiki mbili, tatu hivi tu.

Wako,
Chelangat


Free Area
8 Aprili 2025

Mwalimu,

Sijui nianze wapi. Nilienda jana. Karani alinifungulia faili la Januari lenye majina na tarehe. Mstari wa kwanza. Nilidhani ni mtu mwingine mwenye majina kama yako. Nikaangalia anakotoka, Mau Narok. Nikaangalia ugonjwa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi lililokuwa na watu, wakanisogelea wakadhani nami nimepokea majibu mabaya.

Kwa hiyo si network. Si baridi. Ni koo, na ulikuwa unajua, na mimi nikakuandikia kwamba unaona wivu.

Nikarudi ndani nikafanya ulivyosema, Jumatatu zote kumi na nne. Wa haraka kila wiki ni tisa hivi, kwa hiyo kila wiki watu tisa wa kawaida waliosubiri kuliko wote walitupwa mkiani. Ni wale wale tisa. Nafasi tatu zilizobaki zilichukuliwa na watu wa katikati. Kwa code yako ungeitwa tarehe 6 Januari, siku ile ile yangu ilipoanza kazi. Wote tisa mngekuwa mmeitwa ndani ya Jumatatu tatu.

Jana hiyo hiyo nimerudisha code yako. Zayed nimemwambia, amepiga kelele, sijali. Nimeanza kuwapigia wale wengine wanane simu. Sita wako hai na wataitwa kwa zamu zao. Simu mbili zimepokelewa na watoto wa marehemu. Mama mmoja anayeitwa Wariara alizikwa tarehe 22 Machi. Nilikuwa Kakamega, nikila samaki.

Kwa nini hukuniambia ni wewe? Ningeacha kila kitu siku hiyo. Naomba nije. Naomba uniruhusu nije.

Chelangat


Mau Narok
15 Aprili 2025

Chelangat,

Jana niliitwa wa kwanza. Karani alilisoma jina langu kwa sauti kubwa, na Jebet, ambaye yuko likizo, akanishika mkono tukaingia. Daktari alinipima upya, kisha akatuambia uvimbe umeshapita mahali ambapo mashine ingesaidia. Amenipa dawa ya maumivu, na nafasi yangu amepewa aliyefuata. Nilimwona akiingia, mzee wa Molo. Hilo limenifurahisha.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Nilijua utanipandisha, nami sikutaka kupandishwa. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Nilidhani nikitaja jina langu nitakuwa naomba upendeleo, na nikikuachia hoja tupu nitakuwa nimeilinda foleni. Sikufikiri kwamba hoja tupu unaweza kuisogeza mpaka urudi safari, lakini mtu unayemjua usingemsogeza hata siku moja. Umeniandikia kwamba ungeacha kila kitu. Naamini. Basi kama ningesema Februari, Wariara angeingia Februari. Nilikuwa najiuliza kwa nini haji tena kwenye benchi. Alikuwa ananikatia nusu ya chapati yake na siwezi kuila, nikawa naitia mfukoni asijisikie vibaya.

Wewe ulitaka kusifiwa kwa mbio zako, nami nilitaka kusifiwa kwa unyoofu wangu, hata kama anayenisifu ni mimi peke yangu. Watu wanane walikuwa nyuma yangu wakilipia. Nimelia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia kwa ajili ya koo.

Usije kwanza. Nenda kwa zile familia mbili, si kwa simu, kwa miguu yako. Waeleze walichofanyiwa, kwa maneno ambayo mtu asiyejua kompyuta ataelewa. Usiseme mfumo, sema mimi. Na mimi nitaje pia. Ukimaliza, njoo. Asubuhi ni bora, ndipo ninapokuwa na nguvu.

Mwalimu wako,
Kibii


Mau Narok
4 Mei 2025

Chelangat,

Ni Jebet. Tulionana mara moja tu, ile siku ya mahafali yenu, sijui kama unanikumbuka.

Baba ametutoka jana saa mbili asubuhi. Najua ulikuwa uje leo. Alikuwa amemwambia mama atoe vikombe vizuri.

Barua zako zote nimezisoma, alikuwa ameziweka pamoja na nakala za zake. Nimekuchukia kwa siku nzima. Halafu nikasoma barua yangu mwenyewe ya Februari, ile nilimoahidi kunyamaza, na chuki ikakosa mahali pa kukaa. Ningeweza kukupigia simu wakati wowote. Namba yako nilikuwa nayo.

Mama hajui bado habari ya foleni. Anadhani ni jembe lililomdhoofisha, halafu ugonjwa ukampata akiwa dhaifu. Amekaa na wanawake wa kanisa, anawaambia Baba alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Kila akisema hivyo natoka nje.

Mazishi ni Alhamisi, saa nne, hapa nyumbani. Nimewaalika watoto wa Wariara, na ile familia nyingine uliyoitembelea Subukia. Wamesema watakuja. Wale sita walio hai pia nimewatumia ujumbe, na wawili wamejibu.

Wanafunzi wake wengi watasimama waseme alikuwa mwalimu mzuri. Hilo waachie wao. Wewe nimekuweka kwenye ratiba baada yangu. Mimi nitasimulia nilichonyamazia, kisha wewe utasimulia ulichofanya, na mama atakuwa amekaa mbele akisikia kwa mara ya kwanza. Nimejaribu kutafuta njia nyingine ya kumwambia, sijaipata.

Njoo mapema, anza kwa kumsalimu yeye.

Jebet